Mama, Cherehani na Wale Watatu

Mwaka 1983 ungemuuliza jirani yeyote wa Mkolani mama yetu anafanya kazi gani, angekujibu: yupo tu nyumbani. Mwenye kazi alikuwa baba, baharia wa MV Victoria, leo Bukoba, keshokutwa bandarini Mwanza. Mama alikuwa na cherehani ya Butterfly, ile ya kukanyaga kwa miguu, imewekwa sebuleni penye dirisha. Kwa cherehani hiyo alishona sare za watoto wa Mkolani, Nyegezi na Buhongwa: kaptula za kaki, mashati meupe, sketi za buluu. Mshahara wa baba ukichelewa, tulikula cherehani. Mteja asiye na fedha alilipa kwa dagaa, au sato wawili waliotungwa kwenye ukindu. Nayasema haya kwa sababu niliyaona kwa karibu kuliko mtu mwingine yeyote. Nilikuwa na miaka 12, na ndimi niliyemsaidia kutia vifungo.

Kisha walikuwapo wale watatu. Kulwa na Doto, mapacha, walikuwa na miaka 7. Aliyezaliwa baada yao aliitwa Shija, kama Wasukuma wanavyomwita kila anayefuata mapacha, naye alikuwa na 5. Mkolani ya wakati ule ilikuwa nje ya mji hasa, nyumba chache kando ya barabara ya Shinyanga, na mawe makubwa kila upande, yenye pimbi na mijusi ya vichwa vyekundu na miili ya buluu. Hapakuwa na uzio wala geti. Wavulana walikuwa na dunia nzima ya kuchezea, lakini waliitaka sebule.

Mama anayepanda basi asubuhi kwenda mjini, mtoto anajua ameondoka. Mama aliye mbele yako, hata kama mguu uko kwenye pedeli na macho yako kwenye sindano, huyo anaitwa. Aliitwa kuamua ugomvi, kufungua fundo, kutazama kidonda ambacho jana pia alikitazama. Mapacha waligundua jambo ambalo mpaka leo nalistaajabia: mama akibana pini kwa midomo hawezi kusema. Basi walisubiri pini. Zikishaingia, Kulwa alisogea kwa adabu zote: "Mama, twende ziwani? Ukinyamaza umekubali." Ziwa lilikuwa limekatazwa kwa sababu ya kichocho na mamba. Mama alitikisa kichwa kwa nguvu zote, nami nikawa mdomo wake: "Mama anasema hapana!" Wao walikuwa wameshafika mlangoni.

Cherehani yenyewe ilikuwa basi. Mama akitoka kwenda jikoni kugeuza ugali, Doto aliingia chini ya meza akawa dereva wa pedeli, Kulwa akashika gurudumu la juu, na Shija, konda, akaita abiria wa Usagara, Misungwi na Shinyanga. Basi liliporudi nyuma, uzi ulisokotana ndani na sindano ikavunjika. Leo sindano ni kitu cha kununua dukani ukipita. Siku zile, baada ya vita vya Kagera, maduka yalikuwa na rafu tupu. Sabuni ilikuwa kwa foleni, sukari kwa foleni, kaki ikipatikana ni habari ya kijiji kizima. Mama alizihesabu sindano zake kila jioni, akazifunga kwenye kitambaa na kukiweka kifuani.

Siku moja mkanda wa ngozi wa cherehani ulitoweka. Tulipekua nyumba. Ulipatikana shingoni mwa Doto, umeshakatwa na kuwa ngozi ya manati ya kuwindia pimbi. Hajawahi kumpata pimbi hata mmoja. Mkanda mwingine haukuwapo mjini kote, kwa hiyo mama alienda kwa fundi baiskeli, akaomba kipande cha mpira wa ndani, akakikata utepe mrefu na kukiunga. Jua likiwaka mpira ulilegea na cherehani ikasimama yenyewe katikati ya mshono. Alishona hivyo kwa miezi.

Lakini jambo kubwa ni la jiwe. Nyuma ya nyumba palikuwa na jiwe refu lenye mteremko, limelainishwa na makalio ya vizazi vya watoto. Jumapili moja ya Januari, shule zikikaribia kufunguliwa, kaptula mpya zilikuwa zimepangwa kitandani zikisubiri wenyewe. Mama alikwenda kanisani nami. Kulwa, aliyezoea kumsikia mama akiwaita wateja wajaribu nguo, aliwaita. Walikuja wote. Kila mmoja akavalishwa kaptula yake, sawasawa kabisa na vipimo vya daftari, kisha akapelekwa juu ya jiwe na kuambiwa aserereke. Tuliporudi foleni ilikuwa ingali inaendelea, na Shija alikuwa chini akikagua.

"Tunazijaribu, Mama," alisema Kulwa. "Zisizochanika ndizo nzuri."

Mama hakumpiga. Aliketi, akafumua makalio ya kaptula zote, akakusanya masalio ya kaki na kutia kitambaa cha pili kwa ndani. Aliwasha taa ya chemli wale watatu walipolala, na ndiyo siri ya kazi yake yote: alishona mchana kwa vipande, saa za kweli zikawa za usiku. Asubuhi aliamka kabla yetu. Nasikia watu wakisema mama wa aina hii "anamudu," kana kwamba ni kipaji. Alikuwa anakosa usingizi.

Kaptula za makalio mawili zilidumu kuliko zote, na wazazi wakaanza kuziulizia. Kuanzia hapo mama hakuacha tena kaki mahali pa wazi. Aliisukuma chini ya kitanda, nyuma ya masanduku, wale watatu wasiione.

Ikaja Aprili, na ile kampeni ya Waziri Mkuu Sokoine dhidi ya wahujumu uchumi. Watu walikuwa wakikamatwa kwa kuficha bidhaa, na wengine walitupa mali zao porini usiku. Balozi wa nyumba kumi alifika kwetu na daftari.

"Mwangaluka, Mama Kulwa."

"Mwangaluka, Balozi. Karibu."

Aliuliza kama kuna vitambaa ndani. Mama alikuwa ameshabana tena pini mdomoni. Kabla hajazitoa, Shija akajibu kwa furaha: "Vipo vingi! Mama amevificha chini ya kitanda!"

Balozi akavuta kaki nje, yadi kwa yadi. Mama akatema pini, akaleta daftari la wateja: jina la mtoto, kiuno, urefu, yadi alizoleta mzazi. Balozi alisoma ukurasa baada ya ukurasa. Yadi zilikuwa sawa.

"Sasa umezifichia nini?"

Mama akawaonyesha kwa kidole. Doto alikuwa na manati shingoni, Kulwa amejipaka chaki ya kuchorea usoni, Shija yuko chini ya cherehani anakwenda Misungwi. Balozi akawatazama mmoja mmoja, akatazama na lile jiwe kupitia dirishani. Akafunga daftari lake. Kisha akauliza kama makalio mawili yanaweza kuwekwa pia kwenye kaptula ya mwanawe, maana naye haonekani nyumbani tangu alipoonyeshwa kuserereka.