Hatimaye au Labda: Milango Miwili na Neno Moja la Kiingereza

Wahenga walinena kwamba kikulacho ki nguoni mwako. Aghalabu methali hii hutumiwa kumwonya mtu dhidi ya jamaa na marafiki wasioaminika. Ni nadra kuisikia ikitajwa kuhusu maneno. Hata hivyo, mwanafunzi wa lugha ya kigeni haponzwi sana na neno asilolijua. Neno hilo atalitafuta katika kamusi, au atamwuliza mwalimu wake. Linalomponza ni lile linalofanana na neno la lugha yake ya kwanza, akalipokea kama ndugu wa damu, asilihoji lilikotoka wala lilichobeba. Kisa cha fundi mmoja wa Malindi na mgeni wake kutoka Italia kinalidhihirisha jambo hili.

Uhusiano wa Malindi na Italia si wa jana. Tangu miaka ya 1960, Waitalia walipoanza kurusha roketi kutoka kituo cha San Marco kilichojengwa baharini karibu na Ngomeni, wengi wao wamezoea kuja pwani hiyo, na baadhi yao wamejenga nyumba wakakaa. Vijana wengi wa ufuoni hukisema Kiitaliano kwa ufasaha wa kustaajabisha. Fundi huyu hakuwa miongoni mwao. Karakana yake ilikuwa ndani, mbali na ufuo, na Kiitaliano chake kilikomea kwenye maamkizi. Mgeni naye, mwanamke wa makamo aliyekuwa akijenga nyumba ndogo mjini humo, alikijua Kiswahili cha sokoni tu: bei gani, asante, kesho, labda. Walipotaka kuzungumza habari za kazi na fedha, iliwabidi wakutane katika Kiingereza, nyumba ambayo hapana hata mmoja wao aliyezaliwa ndani yake.

Mwezi wa Januari mgeni alipita karakanani, akaitazama milango ya kuchonga, akapapasa nakshi za fremu kwa vidole, akachukua vipimo, kisha akarudi kwao. Mwezi wa Machi aliandika ujumbe mfupi. Baada ya salamu, sentensi iliyobeba uzito ilikuwa hii: "Eventually we will take two doors in August."

Fundi aliusoma ujumbe huo mara tatu. Neno lile la kwanza alilijua barabara, kwani lilikuwa miongoni mwa mapambo ya insha alizoziandika shuleni. Katika insha hizo, mwizi alifukuzwa na kijiji kizima, akaruka ua, akavuka mto, na "eventually" akakamatwa. Maana yake ilikuwa hatimaye. Kwa hiyo fundi akasoma: hatimaye tutachukua milango miwili mwezi wa Agosti. Ilikuwa ahadi, tena ahadi yenye mwezi wake. Akakopa fedha katika chama alichokuwa mwanachama, akanunua mbao za mbambakofi, akamwajiri kijana wa kumsaidia kupiga randa. Mwanawe alikuwa akisoma Kiswahili na isimu katika chuo kikuu, na karo ya muhula uliokuwa ukija ilikuwa imo ndani ya milango hiyo miwili.

Kijana alirejea nyumbani likizoni mwanzoni mwa Agosti. Alimkuta baba yake akipaka mafuta ubao wa mwisho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Umekuja siku njema. Signora amekwisha kufika mjini. Jioni atakuja kuitazama milango yake."

Mgeni alifika magharibi ilipokaribia. Alifurahi kumwona fundi, akaisifu milango kwa dhati, akauliza imetengenezewa nani.

"Ni yako, Signora," fundi akamjibu huku akitabasamu.

Tabasamu la mgeni likafifia. Akawatazama mmoja mmoja, kisha akasema kwa sauti ya mtu anayejitetea, "Lakini fundi, mimi nilisema 'eventually'."

"Naam," fundi akasema. "Ulisema 'eventually'. Ndiyo maana nikaitengeneza."

Msomaji aitazame hali hiyo kwa makini. Watu wawili wanashindana, na kila mmoja anamwita shahidi wake. Kumbe shahidi ni yuleyule. Si kwamba mmoja wao alikuwa mwongo, wala hakuna aliyesahau alichokiandika au alichokisoma. Lakini shaka ilikuwa imekwisha kuingia karakanani. Fundi alianza kuwaza kwamba wageni hawana neno. Mgeni naye alianza kuwaza kwamba anategwa ili alazimishwe kununua asichokiagiza. Laiti mambo yangaliachwa hapo, kila mmoja angaliondoka na hukumu juu ya taifa zima la mwenziwe.

Kijana alikohoa kidogo, akamgeukia mgeni. "Samahani, mama. Neno hilo ukitaka kulisema kwa Kiswahili, utasemaje?"

Mgeni akafikiri, akakusanya Kiswahili chake cha sokoni. "Labda," akasema. "Kama nyumba imekwisha, labda milango. Labda."

Fundi akaketi juu ya gogo. "Labda?" akauliza polepole. "Mimi nilisoma hatimaye."

Kiini cha mkasa huu ni neno la Kiitaliano "eventualmente". Kwa sura, neno hili na lile la Kiingereza ni pacha: mzizi mmoja, na viambishi tamati vyenye kazi moja ya kuunda kielezi. Kwa maana, ni mbali kama mashariki na magharibi. Mwitalia anaposema "eventualmente", anakusudia kwamba jambo huenda likatokea, haja ikizuka au hali ikiruhusu. Mwingereza anaposema "eventually", anakusudia kwamba jambo litatokea, au limekwisha kutokea, ingawa baada ya kuchelewa au baada ya vikwazo. Wa kwanza anaacha mlango wazi. Wa pili ameufunga. Mgeni aliitafsiri sentensi ya kwao neno kwa neno, na kila neno likaonekana limekaa mahali pake.

Maneno yote mawili yana asili katika kitenzi cha Kilatini "evenire", chenye maana ya kutoka nje na, kwa hiyo, kutokea. Kutoka katika kutokea, kila lugha ilishika njia yake. Kiitaliano kililitazama tukio kabla halijawa, kikauliza iwapo litakuwa. Kiingereza kililitazama tukio kutoka upande wa mwisho wake, kikasema kwamba ndiko mambo yalikoishia. Ikumbukwe kwamba katika jambo hili Kiitaliano hakiko peke yake. Kifaransa kina "éventuellement" na Kijerumani kina "eventuell", na yote mawili yana maana ya huenda. Hata Kiingereza chenyewe kiliwahi kukitumia kivumishi cha mzizi huo kwa maana ya jambo lenye masharti, kisha matumizi hayo yakachakaa. Kwa hiyo Mwitalia anayekosea hapa hajapotea njia. Anaendelea na njia ambayo Kiingereza kiliiacha.

Mazoea ya kila siku humzidishia Mwitalia imani katika neno hili. Katika nchi yake hulikuta katika mikataba, panapotajwa madhara yoyote yatakayoweza kutokea, na katika matangazo, panapotajwa ucheleweshaji wowote utakaoweza kuwapo. Hulikuta pia katika ajenda za mikutano, ambapo kipengele cha mwisho huitwa "varie ed eventuali". Mwanafunzi wa Kiswahili aliyewahi kuandika kumbukumbu za mkutano atakitambua mara moja kipengele hicho: ni yale tunayoyaita mengineyo, mambo ambayo huenda yakazuka au yasizuke.

Mwitalia anayejifunza Kiingereza afanyeje, basi? Kipimo ni chepesi. Kabla ya kuandika "eventually", ajaribu kuweka mahali pake maneno ya kwao "alla fine" au "prima o poi", yaani mwishowe, au mapema au baadaye. Sentensi ikibaki na maana aliyoikusudia, neno la Kiingereza limefaa. Lakini ikiwa alichokikusudia ni "forse" au "se necessario", yaani labda au ikibidi, basi aliache kabisa neno hilo, atumie "may", "might", "possibly" au "if necessary". Mgeni wa Malindi angaliandika "We may take two doors in August", na mbao za mbambakofi zingalibaki dukani zikingoja neno la pili.

Fauka ya hayo, Mwitalia anapaswa kujua kwamba "eventually" hubeba dhana ya muda uliopita katikati. Mvua iliyonyesha dakika moja ikakatika haisemwi kwamba imekatika "eventually". Iliyonyesha usiku kucha ndiyo husemwa hivyo. Asilichanganye pia na "finally". Neno hili la pili laweza kutangulia hoja ya mwisho katika orodha ya hoja. La kwanza haliwezi. Jambo lingine ni kwamba, linapotumiwa kwa wakati ujao, "eventually" kwa kawaida huacha siku bila kutajwa: jambo litakuwa, ila haijulikani lini. Hapo ndipo ilipokuwapo alama katika ujumbe wa mwezi wa Machi. Neno lisilopenda kutajiwa siku lilikuwa limekalishwa pamoja na mwezi wa Agosti. Mzawa wa Kiingereza angalihisi kwamba sentensi ina walakini, akauliza. Fundi hakuhisi, kwa kuwa yeye pia alikuwa mwanafunzi wa lugha hiyo. Hivyo basi kosa halikuwa la mwandishi peke yake. Msomaji alikuwa na fungu lake.

Maneno ya aina hii yamepewa jina. Mwaka wa 1928, Wafaransa wawili, Maxime Koessler na Jules Derocquigny, walichapisha kitabu kuhusu hiana ya msamiati wa Kiingereza kwa Wafaransa, wakayaita marafiki wa uongo. Waitalia nao huyaita "falsi amici", na wanayo mengi. "Parenti" si wazazi bali ni jamaa. "Fattoria" si kiwanda bali ni shamba lenye mifugo. "Educato" si mtu aliyesoma bali ni mwenye adabu, na hapana asiyejua kwamba sifa hizi mbili hazifuatani kila mara.

Hata hivyo, katika kundi hilo "eventually" ina hatari ya pekee. Mtu akisema kwa Kiingereza kwamba amekunywa maziwa yaliyokamuliwa kiwandani, au kwamba wazazi wake ni arubaini, watu watacheka, naye atasahihishwa papo hapo. Kosa lake hujifichua lenyewe. Lakini mtu akisema "eventually" akikusudia labda, hakuna atakayecheka. Sentensi yake ina sarufi safi na maana kamili, ila maana hiyo si yake. Kosa la namna hii halionekani siku linapoandikwa. Huonekana siku ya kulipa. Walimu huhesabu makosa kwa kalamu nyekundu, na kalamu hiyo hutua juu ya sentensi zilizovunjika. Sentensi nzima yenye ahadi ambayo mwandishi hakuitoa hupita salama, ikapewa na alama ya vema.

Wenye Kiswahili tusijione tumeokoka. Kiswahili kimechota kwa wingi kutoka Kiarabu, na maneno mengine yalibadili mwendo yalipofika pwani. Sisi tunapoomba kitu husema tafadhali. Katika Kiarabu, neno lililo asili yake hutumiwa na anayetoa, si anayeomba: humwambia mgeni karibu, chukua, pita. Mswahili aliye Maskati akinyoosha mkono kuomba maji huku akisema neno hilo, huenda mwenyeji akadhani anapewa kitu. Hata hatima, neno lililozaa hatimaye, ni mgeni kutoka hukohuko, ila hilo lilikuja na maana yake ya mwisho bila kuipoteza njiani.

Mambo karakanani hayakuisha kwa furaha tele, wala hayakuisha kwa ugomvi. Nyumba ya mgeni haikuwa imekwisha, na fedha alizokuwa nazo zilitosha mlango mmoja tu. Aliununua siku ileile, akaomba radhi kwa lugha zote tatu alizokuwa nazo. Mlango wa pili ulisimama ukutani hadi Desemba, ukauzwa kwa bei ya chini kwa mtu aliyejua kwamba fundi ana shida. Deni la chama lililipwa pamoja na riba yake. Kijana alirudi chuoni wiki mbili baada ya wenzake.

Tangu hapo mgeni huandika "maybe", neno fupi lisilofanana na lolote la kwao, na kwa hiyo lisiloweza kumdanganya. Fundi naye ana desturi mpya. Mteja akimwagiza kazi kwa Kiingereza, awe Mwitalia au Mkenya mwenzake, humsikiliza hadi mwisho, kisha humwuliza kwa Kiswahili cha taratibu: "Ni hatimaye au ni labda?" Wapo wanaocheka. Yeye hungoja jibu kabla ya kwenda kununua mbao, kwani kuuliza si ujinga.