Kizimkazi Baada ya Chusa

Kizimkazi, kusini mwa Unguja, ilijulikana kwa msikiti wake wa kale wenye maandishi ya Kikufi ya mwaka 1107 muda mrefu kabla haijajulikana kwa pomboo. Pomboo walikuwepo siku zote, lakini kwa mvuvi walikuwa kitoweo, na zaidi ya kitoweo walikuwa chambo cha papa. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wageni wakaanza kulipa nauli ili wapelekwe kuwatazama, na kwa miaka michache kazi hizo mbili zikaendelea katika maji yale yale: huyu anawapiga picha, yule anawawinda. Kufikia 1996 uwindaji ulikuwa umekoma, na mwaka 1997 Ghuba ya Menai, yenye kilomita za mraba 470 hivi, ikatangazwa kuwa eneo la hifadhi. Tangu hapo kisa hiki husimuliwa kama kisa cha mwindaji aliyegeuka mlinzi. Nakikubali nusu. Pomboo wa Kizimkazi hauawi tena kwa makusudi, lakini bado anafukuzwa, na anayemfukuza hana budi kufanya hivyo kwa jinsi safari yenyewe inavyouzwa.

Itazame safari hiyo. Mgeni anaondoka hotelini alfajiri, Nungwi au Mji Mkongwe, akiwa ameshanunua kwa papasi, yaani dalali wa watalii, ahadi ya kuogelea na pomboo. Nahodha wa Kizimkazi anapokea kinachobaki baada ya dalali na dereva kukata chao, na ahadi ile, ambayo hakuitoa yeye, ndiyo anayodaiwa baharini. Pezi la kwanza likionekana, anafungua mashine, na boti nyingine zote zinageuza omo upande ule ule. Anawapita pomboo kwa ubavuni, anawakatia njia, anapunguza mwendo, kisha anapaza sauti: rukeni! Wageni wanajitosa na miwani yao usoni. Pomboo wanazama, wanapita chini ya miguu ya watu na kuibuka mbali. Watu wanapandishwa wakitweta, mashine inawashwa, mbio zinaanza upya. Mwenye chusa wa zamani asingehitaji kufundishwa hata hatua moja ya kazi hii.

Atakayesema kwamba kufukuzwa bila kuuawa hakuna madhara, na azingatie pomboo hawa ni wangapi na wanaishije. Wako wa aina mbili: mmoja mwenye mdomo mfupi mnene, ambaye ndiye hasa anayetafutwa na boti, na mwingine mwenye nundu mgongoni, mwenye haya zaidi. Watafiti wanaowatambua kwa mikato ya mapezi yao walikadiria, miaka ya 2000 ilipokuwa ikianza, kwamba wa aina ya kwanza hawafiki mia mbili, na wa pili hawafiki mia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba boti zinapokuwepo, muda ambao pomboo wanautumia katika mwendo huzidi maradufu, na wa kula, kupumzika na kuchezeana hupungua. Kupumzika kwao hakufanani na kwetu. Pomboo hulaza nusu ya ubongo wake, akaogelea polepole ubavu kwa ubavu na wenzake, wakiibuka kuvuta pumzi kwa pamoja. Kwa mgeni kundi kama hilo huonekana limetulia vizuri kwa picha, na ndilo boti hulivamia. Mama hubeba mimba kwa takriban mwaka mzima, huzaa mtoto mmoja, kisha humnyonyesha muda mrefu. Kwa viumbe wachache wanaozaa kwa mwendo huo, hasara haionekani siku ya tukio. Maji hayageuki mekundu.

Hoja inayosikika sana ufukweni ni kwamba wangekuwa wanaudhika wangehama. Lakini mnyama habaki mahali kwa sababu ya raha tu. Chakula chake na kina kinachomfaa kulea mtoto viko pale, na pengine penye vyote viwili hapapatikani kila upande. Hoja nzito zaidi ni ya jarife. Nyavu hizo za macho makubwa hunasa pomboo bila kukusudiwa na kuwazamisha, na kwa kuua, hakuna boti ya watalii inayoshindana nazo. Nakubali kabisa. Ila kundi ni lile lile: linalopunguzwa usiku na nyavu ndilo linalonyimwa mapumziko asubuhi, na mzigo wa pili hauwi mwepesi kwa kuwa wa kwanza ni mzito.

Kisha kuna swali la riziki, ambalo wahifadhi wengi huliruka. Watu wale nini? Jibu langu ni kwamba bidhaa inaweza kubadilishwa bila biashara kufa. Ng'ambo ya Shimoni, pwani ya kusini ya Kenya, safari ya Wasini huuza siku nzima: jahazi, matumbawe ya Kisite, chakula cha samaki kisiwani, na pomboo wakionekana njiani. Huko nako boti huwasumbua, lakini pomboo wakikosekana siku haijaharibika. Watamu, huko huko Kenya, nyangumi wa nundu wanapopanda kutoka bahari za kusini kati ya Julai na Oktoba, mgeni hutazama akiwa ndani ya boti. Mvuke wa pumzi ya nyangumi huonekana kutoka mbali, na nahodha hana haja ya kumsogelea.

Mtu atasema taratibu zipo tayari: nenda polepole, usikate njia, boti zisirundikane. Zipo, na nahodha anayezifuata hurudi na wageni wanaonung'unika huku jirani yake aliyeingia katikati ya kundi akipewa bakshishi. Kumbana mshika usukani peke yake ni kumwadhibu mwenye kipato kidogo kuliko wote katika mnyororo huu. Leseni inayofaa kuwekewa masharti ni ya anayeuza tiketi nchi kavu: asiruhusiwe kuahidi kuogelea, na fungu la nahodha liandikwe kwenye tiketi, pomboo waonekane wasionekane.