Haya Hutangulia

Mtu huambiwa hana haya, lakini aibu huipata. Haya ni kitu ulicho nacho, au huna. Aibu inakukuta, mara nyingi watu wakiwa wamekwisha kujua. Nilikuwa nayachanganya maneno haya hadi niliposoma maadili ya Wabudha, nikiwa huku kwetu Kate, Ufipa, kijiji cha misheni ya Kikatoliki. Mbudha wa kumwuliza sina; hekalu lao ninalolijua liko Upanga, Dar es Salaam, lilianzishwa na Wasinhala.

Katika Kipali, lugha ya maandiko yao ya kale, kuna hiri na ottappa. Buddha aliyaita mambo haya mawili walinzi wa ulimwengu: yakiondoka, watu hawatajua tena nani mama, nani dada wa mama, nani mke wa mwalimu, wataishi kama mbuzi na kuku. Ufafanuzi unaohusishwa na Buddhaghosa, wa karne ya 5 huko Sri Lanka, unatoa mfano wa mapande mawili ya chuma. Moja ni baridi lakini limepakwa mavi. Jingine limeiva kwa moto. La kwanza hulishiki kwa kinyaa: hiyo ni hiri. La pili hulishiki kwa kuogopa kuungua: hiyo ni ottappa, hofu ya lawama na matokeo.

Yote mawili, basi, yanafika kabla mkono haujagusa. Majuto ya baadaye, kukkucca, mapokeo ya Theravada yanayahesabu kuwa hali mbaya ya moyo. Sisi tuliokulia kwenye foleni ya kitubio hapo tunajikwaa, na mimi sijalikubali lote.

Lakini ninamfikiria baba yangu mdogo. Msimu mmoja alipata kibarua cha kumpimia mahindi mnunuzi aliyekuja na lori. Akapewa debe lililotunishwa kwa nyundo, ukilitazama huoni kitu, ila kila debe linameza vikombe kadhaa vya bure. Akapima siku moja, debe lake mwenyewe la nyumbani akiwa ameliacha. Usiku akalijaza la mnunuzi maji, akayamimina kwenye lake, yakamwagika. Asubuhi akarudisha debe na ujira wa siku ile. Ada ya mwanawe ilikuwa bado haijalipwa.

"Baba, lakini hakuna aliyekuona," nilimwambia.

"Mimi si nilikuwepo?" Akanyamaza, kisha akaongeza, "Na wale wamama wangekuja kujua tu. Ningepitaje sokoni?"

Hapo ndipo ninapowapenda Wabudha hawa: hawamlazimishi kuchagua jibu moja. Wako watu wanaodharau haya ya machoni pa watu, eti ni unafiki, eti mwema wa kweli hajali jirani. Mimi naona ni maneno ya mtu asiyejua soko la kijiji. Jirani ndiye anayekula hasara ya debe lile. Kuogopa macho yake ni kumhesabu kuwa mtu.

Mama mdogo hakubaliani na sisi wote wawili. Kwake hesabu ni fupi: kibarua akapewa mwingine siku ileile, debe likaendelea kupima, na mtoto wake akakaa nyumbani hadi mahindi yao yalipouzwa. Akiyasema haya, baba mdogo huwa hamjibu. Huinuka akaenda kuangalia ng'ombe.