Penseli Nyekundu ya Baba Mdogo

Ndugu jamaa wapendwa,

Wazee wa kitabu chetu cha mwaka wameniomba niandike habari za ofisi yetu ndogo ya ukadiriaji majenzi hapa Saint-Gilles. Wengi mnaijua: vyumba viwili juu ya duka la mikate, si mbali na Barrière. Kwa wasioijua kazi yenyewe, ni hivi: kabla nyumba haijajengwa, sisi huhesabu saruji, matofali, milango na rangi itakayohitajika, ili mwenye nyumba ajue gharama, na wakandarasi washindane kwa hesabu moja.

Baba mdogo aliianzisha akiwa na rula ya vipimo, daftari na penseli nyekundu. Kila ukuta aliokwisha kuupima aliupaka nyekundu kwenye mchoro, asije akauhesabu mara mbili. Nami nilijifunza mezani pake.

Mwaka 2019 wasanifu majengo walianza kutuletea faili badala ya karatasi. Mfumo huu huitwa BIM: jengo zima huundwa kwanza ndani ya kompyuta, na kila ukuta hubeba habari zake, urefu, unene na aina ya tofali. Uingereza iliulazimisha katika kazi za serikali kuu tangu 2016, na mwaka 2018 vikatoka viwango vya kimataifa, ISO 19650. Kwetu sisi watu watatu swali lilikuwa moja: fedha zitatoka wapi? Leseni hulipwa kila mwaka, kompyuta yetu ya zamani haikuweza kufungua faili hizo, na juma la mafunzo ni juma lisilo na mapato. Nilimwambia baba mdogo kwamba tusipoingia tutafunga. Akanyamaza. Kesho yake akaleta akiba aliyoiweka kwa safari ya Bukavu, kuliona kaburi la mama yake.

"Nunua," akasema. "Kaburi halihami."

Kazi ya kwanza ilikuwa nyumba ya zamani karibu na Parvis, iliyokuwa igawanywe vyumba vya kupangisha. Nilibonyeza, na kwa dakika chache ikatoka orodha ambayo kwa mkono ingetuchukua siku nne. Nilijivuna, nikataka kuituma jioni ileile. Baba mdogo akaomba ichapwe, akachukua penseli yake. Kabla ya usiku alikuwa ameona kuta mbili zilizochorwa moja juu ya nyingine, zikahesabiwa mara mbili. Kisha akauliza:

"Na plasta ya zamani, nani ataibandua? Jukwaa la mafundi liko wapi? Kifusi kitashuka ghorofa tatu kwa miguu yake?"

Hayo yote hayakuwamo, kwa sababu hakuna aliyeyachora. Bei ile ingetumwa, hasara ingeturudia sisi.

Tangu siku hiyo tunafuata taratibu tatu, nazo naziandika kwa ajili ya vijana wetu walio katika ujenzi. Kwanza, twakubaliana na msanifu mapema jinsi kuta zitakavyochorwa. Pili, kila kilichopimwa twakipaka rangi nyekundu ndani ya kompyuta, kama zamani. Tatu, yasiyochorwa twayaandika kwenye orodha yake kwa mkono. Tena, msikimbilie leseni: zipo programu za bure za kutazama faili za IFC, anzeni na kazi moja.

Ofisi haikufunga. Mwishoni mwa 2024 nilimrudishia baba mdogo fedha zake zote. Februari 2025 Bukavu ikaingia mikononi mwa M23, na safari ikasimama. Fedha zimo katika bahasha, na bahasha imo katika droo ya rula zake. Hajasema neno, lakini kila Jumapili huniuliza kama nimesikia habari za njia.

Jamaa mwenye habari hizo, tafadhali atuandikie.

Wasalaam,
Mwana wenu wa Saint-Gilles