Risiti ya Bodaboda

Mimi ni afisa ruzuku katika mfuko mmoja wa hapa nchini. Watu wakisikia hivyo hudhani nagawa hela. Anayegawa ni bodi. Mimi nasoma maandiko ya miradi, natembelea vikundi, nakagua vitabu, kisha naandika mapendekezo ambayo bodi inaweza kuyatupa.

Utaratibu wetu asasi nyingi za kiraia (AZAKI) za Tanzania zimeuzoea tangu Foundation for Civil Society ilipoanza kutoa ruzuku mwanzoni mwa miaka ya 2000. Tangazo linatoka, maombi yanachujwa, waliobaki wanafuatwa hadi mlangoni, mkataba unasainiwa, fedha zinatoka kwa awamu. Awamu ya pili haitoki mpaka ya kwanza itolewe taarifa pamoja na viambatisho vyake.

Andiko lenyewe silitegemei sana. Siku hizi wapo watu wanaoyaandika kwa malipo, na ukisoma matano ya wilaya moja utakuta tatizo lile lile kwa maneno yale yale, mara nyingine hata jina la kata ya jirani limesahaulika humo. Nikifika ofisini, ambayo aghalabu ni chumba kimoja cha kupanga nyuma ya duka, naomba daftari la fedha la tangu kabla hawajatufahamu. Ada za wanachama, elfu mbili mbili: nani kalipa, nani anadaiwa? Kikundi kinachomjua asiyelipa elfu mbili kitajua na mamilioni yetu yamekwenda wapi. Nasoma mihtasari nione kama yupo aliyewahi kumpinga mwenyekiti na ikaandikwa. Wenye saini benki wakiwa mume, mke na shemeji, naaga mapema.

Viambatisho ndivyo vinavyotugombanisha. Mweka hazina wa kikundi kimoja kinachohudumia wagonjwa majumbani, mama wa makamo, aliniwekea mezani bahasha ya kaki. Kila safari ya bodaboda ilikuwa na kipande chake cha karatasi iliyochanwa kwenye daftari la shule: tarehe, alikotoka, alikokwenda, kiasi, namba ya simu ya dereva na saini. Asiyejua kuandika alipiga dole gumba la wino. Mwongozo wetu ulidai risiti ya kielektroniki ya mashine ya EFD.

"Mwanangu," akaniuliza, "bodaboda mwenye mashine ungempata wapi wewe huku?"

Nilivipeleka vipande vile ofisini na kupendekeza vikubaliwe. Mkaguzi akavikataa: mtu anaweza kukaa jikoni kwake akaandika mia moja peke yake. Hoja hiyo ina uzito, na wapo waliokwisha kufanya hivyo. Tukachagua namba kadhaa, tukapiga simu pale pale mezani. Madereva wakapokea, wakazitaja safari, mmoja akalalamika kwamba mama yule hubishana sana bei. Tangu hapo, kwa matumizi madogo, hati ya malipo yenye namba ya simu inapita.

Kuna jambo zito kuliko risiti, nalo bado halijapita. Bajeti zetu zinapenda semina: ukumbi, chai, nauli, posho, shajala. Kodi ya kile chumba na malipo ya mama anayeitunza bahasha tunaviita gharama za uendeshaji, tunavibana mpaka vinakosa pumzi. Kisha taarifa zikichelewa tunaandika barua za ukali. Kwa maoni yangu, vikundi vingi nilivyoviona vikifa havikuuawa na wizi. Vilikufa katikati ya awamu mbili, kodi ikiwa imeisha na mweka hazina amekwenda kutafuta kibarua.

Nasi pia tu waombaji. Mifuko mingi kama wetu hupata fedha kutoka nje, na masharti hushuka nazo hadi kijijini. Mwaka 2025 Marekani ilipolifunga shirika lake la misaada, USAID, miradi ilisimama mkataba ukiwa haujaisha, huku wafanyakazi wakiwa tayari wameajiriwa. Ndiyo maana nawatazama kwa wivu kidogo majirani zetu wa Kenya Community Development Foundation, walioanza mwaka 1997 kwa msaada wa Ford Foundation na Aga Khan Foundation. Wao walijenga mfuko wa kudumu: fedha zinawekezwa, faida ndiyo inayotumika, na jamii nazo zinahimizwa kuchangia zenyewe. Njia hiyo ni ya polepole, na si kila kijiji kina cha kuchanga, lakini naona ndiyo yenye akili.

Kama kikundi chenu kinajiandaa kuomba ruzuku, hela ya kumlipa mwandishi iacheni mfukoni. Andikeni wenyewe, na kodi ya chumba na malipo ya mweka hazina viwekeni kwenye bajeti waziwazi, mkiulizwa mvitetee. Maombi ya namna hiyo yakija kwa wingi, sisi tulio ndani tutakuwa na cha kuiwekea bodi mezani.