Kilima Katika Karatasi

Katika mtihani wa Jiografia kuna swali moja ambalo wanafunzi wengi hulikimbia, nalo ni lile la kusoma ramani. Wenzangu husema kwamba ile mistari ya rangi ya kahawia huwatia kizunguzungu, nao huona heri wajibu habari za mvua za Amerika ya Kusini kuliko kuitazama. Mimi ni mwanafunzi wa Kidato cha Tatu, na nyumbani kwetu ni hapa hapa Kanoni. Nimeomba nafasi katika gazeti letu la muhula huu niwaeleze habari za mistari hiyo, kwa sababu faida yake nimeiona si darasani tu, bali katika kibanja chetu cha migomba na kahawa.

Karagwe ni nchi ya vilima. Hapa petu mtu hawezi kwenda mtoni, sokoni wala shuleni pasipo kupanda au kushuka. Lakini karatasi ni bapa, haina mlima wala bonde. Je, kilima chaweza kuingizwaje katika karatasi bila kuikunja? Hilo ndilo swali lililowasumbua wachora ramani kwa miaka mingi.

Zamani walichora vilima kwa picha ndogo ndogo, au kwa vistari vifupi kama kope za macho, vikielekea upande wa mteremko. Ramani za namna hiyo zilipendeza, lakini zilikuambia tu kwamba hapa pana kilima. Hazikukuambia kina kimo gani. Mwaka 1774 wataalamu wa Uingereza walikuwa wakiupima mlima mmoja wa Uskoti uitwao Schiehallion, wakitaka kujua uzito wa dunia. Vipimo vilikuwa vingi mno, vikajaa karatasini kama siafu. Ndipo Charles Hutton, mtu wa hesabu, alipoona kwamba akiunganisha kwa mstari mahali pote penye kimo kimoja, sura ya mlima yajitokeza yenyewe. Mistari ya namna hiyo ndiyo tunayoiita kontua.

Mwalimu wetu alituonyesha jambo hili kwa jiwe na beseni. Jiwe lilikuwa na umbo la kilima. Alitia maji kidogo, akachora kwa mkaa ukingo wa maji ulipoligusa jiwe. Akaongeza maji kwa kina kile kile, akachora tena, na tena, mpaka jiwe likazama. Kisha aliyamwaga maji, akatuambia tusimame na kulitazama jiwe kutoka juu. Tukaiona mistari imelizunguka, mmoja ndani ya mwingine. Pale jiwe lilipokuwa na ubavu mkali, mistari ilisongamana. Pale lilipoinama polepole, iliachana. Tangu siku hiyo naikumbuka kontua kuwa ni ukingo wa maji yasiyokuwapo.

Katika ramani za nchi yetu za kipimo cha 1:50,000, sentimeta moja ya karatasi ni meta 500 za ardhi, na kwa kawaida kutoka kontua moja hadi nyingine ni meta 20 za kimo. Basi ukikuta nafasi tano za kontua ndani ya sentimeta moja, umepanda meta 100 katika mwendo wa meta 500. Maana yake ni kwamba kwa kila hatua tano unazokwenda mbele, unapanda hatua moja juu. Mwenye baiskeli atashuka aisukume. Tena, kontua zinapokata bonde la mto hupinda kama ncha ya mshale, na ncha hiyo huelekea mto unakotoka. Mwenye kujua hayo mawili amekwisha pata nusu ya alama za swali lile.

Lakini kimo chenyewe kilijulikanaje? Hapa Karagwe tunayo historia yetu. Mwishoni mwa mwaka 1861 John Hanning Speke na mwenzake James Grant, wakitafuta chanzo cha mto Nili, walifika kwa Mukama Rumanyika huko Bweranyange, na Speke alikaa hadi Januari 1862. Katika mizigo yao walikuwa na vipimajoto, nao walivitumia kupimia urefu wa nchi kwa kuchemsha maji. Jambo hili laonekana kama masihara, lakini ni kweli. Kadiri unavyopanda juu, hewa iliyo juu yako hupungua uzito, na maji huchemka upesi zaidi. Pwani maji huchemka kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Kwa kila takriban meta 300 unazopanda, hupungua uzi mmoja.

Sisi nasi tulijaribu katika maabara ya shule. Kipimajoto chetu kilisimama karibu na nyuzi 95. Tano mara 300 ni 1,500. Basi tukasema shule yetu iko karibu meta 1,500 juu ya usawa wa bahari, yaani zaidi ya meta 350 juu ya Ziwa Victoria, ambalo liko kwenye kimo cha meta 1,134. Mwalimu alitukumbusha tusijivune. Ukikosea uzi mmoja tu katika kusoma, umekosea kilima kizima cha meta 300. Na hali ya hewa ikibadilika, jibu nalo hubadilika. Wasafiri wale wa zamani walikuwa na shida hiyo hiyo.

Wapimaji waliofuata walitumia njia iliyo bora. Juu ya vilele vingi vya nchi yetu zimejengwa nguzo fupi za saruji, na wazee huziita bikoni. Mpimaji alisimama kwenye bikoni moja, akazilenga nyingine mbili kwa darubini yake, akapima pembe, akapata pembetatu. Na kwa pembetatu moja akapata nyingine, hata nchi nzima ikafunikwa. Kisha zikaja ndege za kupiga picha. Mwaka 1946 serikali ya Uingereza ilianzisha idara maalum ya kupima makoloni yake, nayo ilichora sehemu kubwa ya ramani za Tanganyika kutokana na picha za ndege. Leo kazi ya ramani iko mikononi mwa Watanzania wenyewe, katika idara ya Upimaji na Ramani ya Wizara ya Ardhi.

Siri ya picha hizo ni macho mawili. Nyosha kidole mbele ya uso, ufumbe jicho moja, kisha jingine. Kidole kitaonekana kuruka. Kikiwa karibu huruka sana, kikiwa mbali huruka kidogo. Ndege nayo hupiga picha moja, ikasogea, ikapiga nyingine, na kila picha hurudia karibu sehemu 60 katika 100 za ile iliyotangulia. Kilele cha mlima kiko karibu na ndege, kwa hiyo huruka zaidi kuliko bonde. Kwa kupima mruko huo, mtaalamu aliyeketi ofisini aweza kuchora kontua za mahali ambapo hajapakanyaga. Na Februari 2000 chombo cha anga cha Marekani kiitwacho Endeavour kilipima kwa rada vimo vya karibu sehemu 80 katika 100 za nchi kavu ya dunia kwa siku 11 tu. Hata hivyo rada hiyo haikupenya vizuri msitu mnene. Penye miti mirefu ilipima karibu na vilele vya miti, si ardhi iliyo chini yake.

Hapo yafaa niseme neno moja. Si kila mstari wa ramani umetokana na ardhi. Mwaka 1890 Waingereza na Wajerumani waliafikiana kwamba magharibi ya Ziwa Victoria mpaka wao ufuate digrii moja kusini ya Ikweta. Ulikuwa ni mstari wa rula, wala haukuuliza mto uko wapi. Ndiyo sababu kuna kipande cha nchi yetu kilicho ng'ambo ya kaskazini ya mto Kagera. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia katika kipande hicho, naye akatangaza kuwa ni chake. Watu wa mkoa wetu walipoteza ndugu na mali kabla vita haijaisha mwaka 1979. Mstari wa rula waweza kuleta ugomvi. Kontua haiamriwi na mtu. Imekwisha kuwapo katika ardhi kabla mchoraji hajanoa penseli.

Walakini kontua nazo haziwezi kusema kila kitu. Kati ya mstari na mstari kuna meta 20, na lolote dogo kuliko hizo laweza kupotea. Kibanja chetu, kutoka ukingo wa juu hadi wa chini, hakifiki meta 15 za kimo. Nilipokitafuta katika ramani ya shule niliona kimekaa chote katika nafasi nyeupe. Ramani ilijua kilima chetu, lakini haikujua shida yetu.

Na shida ilikuwa kubwa. Kila masika maji yalishuka kutoka juu yakachukua udongo mweusi. Mizizi ya migomba ya upande wa juu ilikuwa nje kama vidole vya mzee, na maharage tuliyopanda yaliota kwa jirani wa chini. Babu alikuwa amekwisha sema kwamba upande ule uachwe, tukakodi shamba mbali. Sare na madaftari yangu, na ya wadogo zangu, hutoka katika kahawa ya kibanja hicho. Kwa hiyo neno hilo lilinikosesha usingizi.

Nikamwendea nikamwambia, "Babu, shikamoo. Naomba tupime kontua za kibanja, tuchimbe matuta yazifuate."

Akasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Mimi nimelima hapa kabla baba yako hajazaliwa. Mteremko huu naujua kwa nyayo. Na habari za matuta nilizisikia tangu zamani, watu walilazimishwa."

Babu hakusema uongo. Huko Uluguru, mwaka 1955, watu walifanya ghasia kwa sababu ya amri ya serikali ya kikoloni ya kuchimba matuta milimani. Sikubishana naye. Nilimwomba kamba, miti miwili ya meta mbili mbili, na mmoja mfupi. Nikaifunga kwa umbo la herufi A, nikaning'iniza jiwe kutoka kileleni, kama timazi ya fundi mwashi. Nikaisimamisha, nikatia alama pale kamba ilipokata mti wa kati. Nikaigeuza miguu, nikatia alama ya pili. Katikati ya alama hizo mbili ndipo penye usawa. Hapo kamba ikitulia, miguu yote miwili iko kwenye kimo kimoja.

Tukaanza ukingoni, tukapiga kigingi kila mguu ulipokanyaga. Babu alikuja kutazama kwa mbali, kisha kwa karibu, kisha akashika nyundo ya vigingi. Tulipofika kwenye mbuni mkubwa wa katikati alisema mstari utapita chini yake. Kamba ilituongoza juu yake, karibu hatua nne. Babu aliigeuza fremu mwenyewe mara tatu, na mara tatu kamba ikasema vile vile. Akacheka, akasema, "Basi macho yangu yamekuwa yakifuata mlima ulio nyuma, si ardhi iliyo chini ya miguu." Tulipomaliza, vigingi havikunyooka, vilipinda kama nyoka. Tulichimba mfereji kuvifuata, tukitupa udongo upande wa juu. Njia hiyo huitwa fanya juu, na jina hilo la Kiswahili limeingia hata katika vitabu vya kilimo vya Kizungu.

Mvua zilipokuja, tuta moja lilibomoka mahali ng'ombe wanapovukia, tukalijenga tena kwa mawe. Mengine yalisimama. Maji yalikaa mferejini yakanywewa na ardhi, na udongo ulikusanyika penye tuta. Siwezi kusema mavuno yameongezeka, kwa kuwa migomba haikui kwa muhula mmoja. Lakini maharage ya safari hii yameota tulipoyapanda, na babu hataji tena habari za kukodi shamba.

Wanafunzi wenzangu, mtakapofungua karatasi ya mtihani mkakuta mistari ile ya kahawia, msianze kwa kuhesabu. Tafuteni kwanza mito, kisha mjiulize mvua ikinyesha hapa, maji yatapita wapi. Mkiweza kujibu hilo, mmekwisha kisoma kilima, na hesabu zitafuata.

Nanyi wazazi wetu, yeyote atakaye kupima kibanja chake na aje. Fremu yetu haina msumari hata mmoja, hubebwa na mtoto, nayo iko jikoni kwa babu. Ila mjiandae: sasa hakubali mtu mwingine amfundishe mgeni kuitumia.