Nani Atamtunza Baada Yangu?

Wageni wengi wanaoingia sebuleni mwangu hapa Mombasa hudhani kwamba kile kilichomo katika tangi la kioo ni ua. Huwasahihisha kwa upole, maana mazoea ya ubaoni hayajaniacha ingawa nilistaafu zamani. Yule ni mnyama, jamaa wa matumbawe, na huitwa anemoni wa bahari. Ana tundu moja tu, la kulia na la kutolea taka, na minyiri yake ina sumu ya kukamatia chakula.

Kumfuga si mchezo. Tangi jipya humwua, kwa sababu bakteria wa kubadili amonia ya taka za samaki kuwa nitriti, na nitriti kuwa nitrati, hawajaota. Mimi nilingoja miezi minane kabla ya kumnunua kwa mfanyabiashara mwenye leseni. Mke wangu alikuwa akiwaambia majirani kwamba mumewe anafuga maji.

Halafu kuna chumvi. Kila lita yataka gramu zipatazo 35. Maji yakipungua kwa joto, chumvi hubaki palepale. Kwa hiyo huongezwa maji matamu yasiyo na klorini, wala si maji ya bahari. Ndani ya mwili wake huishi mwani mdogo mno, usioonekana kwa macho, unaomtengenezea chakula kwa nuru. Joto likizidi mwani humtoka, naye akawa mweupe. Ndivyo yalivyopatwa matumbawe ya pwani yetu mwaka 1998. Ajabu ni kwamba wako wanunuzi wanaomchagua yule mweupe wakidhani ndiye mzuri, kumbe wanamchukua mgonjwa.

Tena hutembea. Asipopapenda mahali huondoka usiku, akaweza kuvutwa na pampu na kukatikakatika. Akifa, uozo wake huwaua samaki wote. Na umeme ukikatika, hewa majini hupungua. Haya yote nimeyazoea.

Nisilolizoea ni suala la umri. Mwaka 1828, Sir John Dalyell, bingwa wa elimu ya viumbe, alimwokota anemoni mmoja katika pwani ya North Berwick, Uskoti. Huyo ni wa bahari ya baridi, mgumu kuliko hawa wetu, naye aliwekwa katika chombo cha kioo tu. Dalyell alifariki mwaka 1851. Mnyama wake, aliyepewa jina la Bibi, alipokewa na mlezi mwingine, kisha mwingine, akazaa watoto kwa mamia, na akafa Edinburgh mwaka 1887. Hesabu mwenyewe, ndugu msomaji: miaka 59 kifungoni.

Mimi nina miaka 76.

Mjukuu wangu, kijana wa miaka 15, aliniuliza juzi, "Babu, wewe usipokuwapo, huyu atakuwa wa nani?" Baba yake alimkemea kwa utovu wa adabu. Mimi sikuona utovu wowote. Lilikuwa swali la mwanafunzi mzuri. Mwanangu alipendekeza arudishwe baharini. Shauri hilo lina huruma, lakini kiumbe aliyekaa tangini huweza kubeba maradhi na kuyapeleka mwambani, kwa wenzake wasio na hatia. Kumuuza nako ni kumtupa mkononi mwa mtu asiyejua kungoja.

Basi nimempa kijana kipimo cha chumvi na daftari, aandike kila Jumamosi. Jumamosi mbili za mwanzo alikwenda mpirani. Ya tatu alikuja, akapima, akaandika 34, akafikiri kidogo, akapima tena. Sikumwambia neno. Wasia wangu umekwisha kutaja nyumba na shamba. Mstari wa tangi bado sijaujaza.